Kiraka Kisicho na Mistari

Walikuwa wamekwisha kuvuka kijito, Burchell mbele na gobore begani, binti yake Velda nyuma na mfuko wa viraka vya kufungia risasi. Milima ya Kentucky ilikuwa imeanza kuganda. Siku hiyo watu walikuwa wanalenga shabaha kugombea ng'ombe aliyechinjwa. Mshindi angepata robo, na nyumbani kwa Burchell palibaki mahindi tu.

"Viraka umevikata kwenye ile foronya?" Burchell aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, baba."

Alidanganya. Foronya ile ya marudufu, kitambaa kizito chenye mistari ya buluu, ilikuwa ya marehemu mama yake, na harufu ya nywele zake ilikuwa haijaisha. Velda aliificha, akakata gunia la unga, la kitambaa chepesi.

Uwanjani walimkuta Asbury, kaka wa marehemu.

"Shemeji, leo usitetemeke. Ng'ombe keshakufa, hakupigi teke."

"Wewe mwaka jana ulikosa hata ubao," Burchell akamjibu.

Akamimina baruti mtutuni, akaweka kiraka kwenye mdomo wa mtutu, risasi juu yake, akashindilia. Akafyatua. Risasi ikaenda kando kabisa.

Asbury akaokota kiraka kilichorushwa na mlipuko. Kilikuwa na tundu katikati, kingo zinafuka moshi.

"Hiki hakina mistari. Foronya ya dada yangu naijua. Velda, hiki kitambaa gani?"

Velda akatazama viatu vyake. Baba yake, kwa hasira ya kukosa, alikuwa keshainua pembe ya kuwekea baruti, anamimina moja kwa moja bila kupangusa mtutu kwanza. Kipande cha gunia kilibaki ndani ya mtutu, kinawaka. Moto ukaruka kwenye baruti, pembe ikapasuka mkononi mwake.

"Gunia la unga," Velda alisema, wakati haisaidii tena.

Asbury hakumpigia kelele. "Ungesema huwezi kuikata, ningevua shati langu hili. Kitambaa chepesi huungua, baba yako anajua kujihadhari nacho. Uwongo wako ndio ambao hakuujua. Ukimficha mtu hatari, umemfunga macho."

Burchell alipoteza vidole vitatu, hakulenga tena. Robo ya ng'ombe ilichukuliwa na mtu wa bonde la pili. Asbury aliwalisha mpaka theluji ilipoyeyuka. Velda alijifunza kulenga kwa gobore, na kila kitambaa alikivuta kwanza kwa kidole gumba, akakitazama kwenye mwanga. Foronya aliikata mwenyewe jioni ile ile ya ajali, kumfunga baba yake mkono.