Kiti cha Nyuma cha Skuta ya Lado

Dumo alikuwa na pikipiki na skuta kuukuu tisa, na ile changa kuliko zote ilimzidi mke wake umri. Alizipanga kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake, Arua, kila moja na kitambaa chake cha kujifunika, kama maharusi. Kulikuwa na Honda ya padri, na BSA iliyotoka jeshini, na Yamaha ya bwana shamba wa Ludara aliyekufa bila kuacha mtu anayejua kuipiga kiki. Alizijua zote mpaka kikohozi. Ukimwuliza mtoto wake wa tatu yuko darasa la ngapi, hapo ndipo atakuna kichwa.

Watu walimsifu kwa kukusanya. Lakini mwanamume akiwa na kitu kimoja asichotaka kukitazama, hukizungushia vinane vingine. Kitu chenyewe kilikuwa skuta ya buluu, ile ya mwisho ukutani. Hizo nane zilikuja baadaye.

Ijumaa hiyo Hakimu wa Koboko alikuja na gari. Kesho yake alikuwa anamwoza binti, na maharusi wa siku hizi hawapigi picha mpaka kuwe na kitu cha zamani cha kukalia. Wakapakia pikipiki nne, gari likajaa.

"Na ile ya buluu, mzee," akasema Hakimu. "Bibi harusi ameona picha yake, ameipenda hiyo. Utaileta mwenyewe."

"Hiyo haitembei."

Mkewe Santina alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Haitembei? Kila Jumapili unaiwasha, moshi unaingia mpaka kwenye sufuria yangu! Sema tu unaogopa barabara."

Mwanamume akiambiwa anaogopa mbele ya mwanamume mwenzake, kwisha. Saa kumi na moja jioni Dumo alikuwa barabarani, kofia kichwani, jua likiwa mkono wa kushoto, anaelekea Koboko.

Hapo lazima habari ya Lado isemwe, maana Dumo mwenyewe hajawahi kuisema.

Mama yake Dumo alifia Kongo, wakati watu wamekimbilia huko, Dumo akiwa bado anatambaa. Aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani ni mdogo wa mama yake, Agnes Keji wa Dranya. Keji akamlea. Alipozaa wa kwake, Lado, akawanyonyesha wote wawili, akawalaza kwenye mkeka mmoja. Dumo alipokuwa fundi Arua, Lado alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mfupi, hana hata unywele mmoja kidevuni. Siku moja akaja kuazima ile skuta ya buluu aende kumwona mama.

"Breki iko?" aliuliza.

Dumo alijua waya wa breki umebaki nyuzi mbili. Alijua tangu juzi. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya sahani, na chakula kilikuwa cha moto.

"Iko," akasema. "Nenda."

Lado akaenda. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi na mawe. Kabla ya kufika Dranya kuna mteremko, chini yake mto mdogo. Akateremka. Hakupanda ng'ambo.

Kwao, mtu akifa njiani, mwili huletwa, lakini mwenyewe hubaki. Anakaa kando ya barabara, hajui kilichompata. Sharti ndugu wa kiume aende jioni na chombo kile kile alichoanguka nacho, asimame, amtaje jina lake na la baba yake, amwambie: panda, twende kwa mama. Kisha arudi naye, bila kusema neno njiani wala kutazama nyuma. Mama anangoja na mkeka umetandikwa.

Dumo akatumwa. Akanyoosha gurudumu, akaondoka. Kilomita moja kabla ya mto kulikuwa na nyumba ya pombe. Akaingia. Alikaa humo mpaka giza, akarudi na kiti kitupu.

"Nimemwita, Mama. Nimemleta."

"Ahsante, mwanangu," alisema Keji.

Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mbili, Dumo hakukanyaga Dranya. Alituma sukari. Alituma sabuni. Miguu yake hakuituma.

Sasa mteremko ule ule ulikuwa mbele yake. Siku hizi una lami. Jua lilikuwa limezama na wekundu wake umebaki kidogo tu juu ya nyasi. Alikuwa amebadilisha waya wa breki mara tatu tangu siku ile. Breki hizo sasa zingesimamisha lori. Akasema moyoni, napita. Mafuta yote, napita.

Akateremka kwa kasi...

Chini kabisa, darajani, injini ikazima.

Haikukohoa. Haikukwama. Ilizima kama mtu amefunga mkono juu yake.

Vyura walikuwa wanalia. Wakanyamaza. Dumo akapiga kiki. Hakuna. Akapiga tena. Akainama kugusa plagi, ndipo pua ikashika harufu: petroli kwanza, halafu chini ya petroli, udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi.

Kando ya barabara, kwenye changarawe, mtu akakanyaga.

Kruu.

Dumo akaganda.

Kruu... kruu... polepole, kama mtu anayenyoosha miguu baada ya kukaa sana.

"Nani?" akanong'ona.

Hatua zikafika nyuma ya skuta, zikasimama.

Angeweza kukimbia. Miguu ilitaka. Lakini kuna aibu inayomshika mtu kuliko woga, nayo ilimshika shingo ikamgeuzia uso mbele. Akaona moyoni yule mdogo wake ameketi pale mvua na jua miaka ishirini na mbili, anaona kila gari linapita, anangoja ndugu. Akafungua kinywa amtaje.

Jina halikutoka.

Hakuwa amelitamka tangu matanga. Akajaribu tena, akasikia anazomewa na sauti yake mwenyewe: iko, nenda, iko, nenda. Mwisho akasema kile alichoweza.

"Panda. Twende kwa mama."

Akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Halafu springi za nyuma zikalia.

Skuta ikashuka.

Akapiga kiki mara moja tu, ikawaka. Kwenye kupanda ng'ambo ilibidi aweke gia ya kwanza, na bado ilivuta kama imebeba magunia mawili ya mihogo. Kwenye kisogo chake, kati ya kofia na kola, kulikuwa na pumzi. Ya baridi. Ikija, ikienda. Dumo alilia njia nzima, mjinga yule, na alilia kwa furaha. Alisema moyoni: nimekuja, mdogo wangu, nimechelewa lakini nimekuja. Neno hakutoa. Nyuma hakutazama.

Karibu na soko la Dranya boda mmoja aliwafikia kwa nyuma, akapunguza, akapiga kelele:

"We mzee! Ambia mutu yako avute miguu! Inaburuta chini!"

Kisha akamulika vizuri kwa taa yake. Aliondoka kwa kasi ambayo hata polisi hawaioni.

Dumo akashika usukani. Chini kweli kulikuwa na sauti, shaaa, shaaa, kitu kinaburuzwa juu ya lami, huku na huku, kushoto na kulia. Lado alikuwa mfupi. Miguu yake haikufika hata kwenye kikanyagio. Dumo aliliwaza jambo hilo mara moja, akalifukuza.

Kwa Keji taa ya sola ilikuwa inawaka. Bibi mwenyewe ameketi barazani anabambua karanga, miaka zaidi ya sabini, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka.

"Nani anakuja na makelele hivi kwa nyumba ya watu?"

"Mimi, Mama. Dumo."

"Dumo gani? Dumo ya sukari?"

Akaiegesha skuta uani, akaja akapiga magoti mbele yake. Kofia hakuvua. Maneno yakamtoka yote pamoja, kama kutapika. "Mama, siku ile mimi sikumwita. Nilikaa kwa pombe. Nilikudanganya. Na breki, Mama... waya ulikuwa umekwisha. Nilijua. Aliniuliza, nikasema iko."

Keji akabambua karanga moja. Akaitupa bakulini.

"Najua."

"Unajua?"

"Ya breki, fundi ya hapa alitazama ule waya, akaniambia. Nikakusamehe mwaka ule ule, maana mimi nilikulea, nilijua wewe ni mvivu. Ya pili..." Akachukua karanga nyingine. "Nilitandika mkeka. Nikangoja usiku tatu. Mkeka iko baridi. Nikasema, huyu mtoto amenidanganya. Usiku ya nne nikasikia mutu anasugua matope mlangoni, vile Lado alikuwa anafanya. Alitembea. Peke yake, kwa miguu, kutoka mto mpaka hapa. Mwana wangu iko ndani, Dumo. Amelala zamani."

Dumo akanyoosha kidole uani, bila kugeuka.

"Lakini, Mama... leo nimepita pale. Leo nimemwita. Nimemleta."

Mkono wa Keji ukasimama juu ya karanga. Akainua taa, akaielekeza uani. Skuta ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, kiti cha nyuma kimeshuka mpaka springi zimebanana.

"Ulimtaja jina?" akanong'ona.

Dumo akaokota ganda la karanga sakafuni.

"Dumo. Ulimtaja jina?"

"Nilisema... panda."

"Ulisema panda." Alilitamka polepole. "Pale mtoni. Pale vita ilipita mara ngapi, watu walitupwa kama maganda na hakuna aliyekuja kuita hata mmoja. Pale wewe unasimama, unasema panda, kama kondakta."

Akainuka. Akashuka barazani hatua tatu, akanyoosha shingo kuelekea kile kiti, akavuta hewa kwa pua. Akatazama muda mrefu, kuanzia juu, akishusha macho kidogo kidogo, na macho yalichukua muda mrefu kufika chini.

Akarudi kinyumenyume.

"Huyu iko na ndevu," alisema.

"Mama, nisaidie. Tufanye nini?"

"Tu? Nani anaitwa tu?" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Mimi nyumba yangu iko na mutu analala. Wewe ulimwita, wewe ndiye mwenyeji wake. Ondoka naye kabla hajashuka. Akishuka hapa, nitakulaani kwa matiti yaliyokunyonyesha."

"Mama, nisamehe kwanza."

"Usiku tatu nilikaa na mkeka mtupu," alisema Keji. "Hiyo bado."

Akafunga. Komeo likapita. Kisha meza ikaburuzwa mpaka nyuma ya mlango.

Dumo hakuthubutu kukalia skuta tena. Aliishika usukani, uso kando, akaisukuma kutoka uani, mabega yakimlia kwa uzito, mpaka barabarani. Hapo akasimama. Mkono mmoja ni Koboko, kwenye harusi. Mkono wa pili ni mtoni, kisha Arua, kwa Santina na watoto. Alisimama na jasho likimkauka, hajui ageuze wapi.

Nyuma yake, kitini, mtu akakohoa, kama abiria aliyechoka kungoja.