Usiuitikie Wimbo Huu

Makaa yalikwisha maharage yakiwa bado magumu. Acan akavaa kandambili, akamwacha mdogo wake Docus akiosha sahani uani, akatoka kununua kopo moja kabla giza halijashika. Mtaa wa Bwaise hapa Kampala jioni haujui kunyamaza. Wauza chapati wanaita wateja, boda boda wanapiga honi bila sababu, na siku hizo kila kibanda kilikuwa kinapiga wimbo mmoja tu.

Wimbo wake.

Ulikuwa umetoka kwenye filamu iitwayo Ukuta wa Kambi, filamu ya watoto wa polisi. Acan mwenyewe alizaliwa kwenye kambi ya polisi, baba yake askari kutoka Kitgum, kaskazini, na alichana mistari kwa Kiswahili kile kile cha kambini ambacho watu wa mjini hukicheka. Safari hii hawakucheka. Mdundo ulikuwa mzito, maneno yanachoma, na kikifika kiitikio muziki wote unakatika. Acan anauliza, "Uko?" Kisha mapigo manne matupu. Hapo msikilizaji anaitika mwenyewe, "Niko," kama askari wanavyoitika majina yao kwenye gwaride la asubuhi. Mji mzima uliitika. Wachukuzi wa soko la Kikuubo waliitika wakiwa na magunia mgongoni, na watoto walioshuka kilima cha Kibuli waliitika mpaka walimu wakachoka kuwakemea.

Watu wazima ndio walionuna. Nani asiyejua kwamba ukiitwa jioni na usiyemwona, unafunga mdomo? Maimunah, mjane wa nyumba ya jirani aliyewatunza Acan na Docus tangu mama yao afariki, alimwambia wazi.

"Mama zetu walitufunza kunyamaza, mwanangu. Wewe unafundisha Kampala yote kuitika kitu hawaoni."

Acan alimcheka kwa heshima, lakini alimcheka. Kichwa chake kilikuwa kigumu, naye alijivunia ugumu huo.

Sasa alisimama na makaa yake mbele ya meza ya fundi simu. Spika ya fundi ilikuwa inaunguruma. Watoto wamejazana. Muziki ukakatika.

"Uko?"

"Niko!" wakapayuka watoto.

Halafu... baada yao... mmoja zaidi.

Niko.

Taratibu. Chini kabisa. Sauti ya mtu mwenye maji kifuani. Ikaja na harufu ya tope, tope lile jeusi la mfereji ambalo watu wa Bwaise hulifagia kutoka vitandani mafuriko yakipita. Acan akatazama watoto, mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Fundi alikuwa ameinamia skrubu zake, hana habari.

Nywele zikamsisimka Acan. Akageuka, akaanza kutembea, na kabla hajafika kona alikuwa anakimbia.

Docus alikuwa amesimama uani, sahani zimetawanyika miguuni, simu inacheza wimbo juu ya ndoo. Uso ameuelekeza kwenye mfereji. Midomo inatikisika.

"Niko," alikuwa akinong'ona. "Niko... niko..."

Acan akamshika mabega, akamwita, akamtikisa. Msichana wa miaka kumi na minne, mwenye maneno kuliko redio, alimtazama dada yake asimjue. Maimunah, aliyekuwa anaanua nguo, alisema kila kitu kilianza na wimbo. Docus aliitika kama watoto wote. Kisha akainua kichwa, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina, akaitika tena.

Tangu hapo hakuwa na neno jingine. Mchana alikaa kimya akitazama ukuta, chakula akigusa kidogo tu. Jua likizama, anasimama na kuondoka. Jioni ya kwanza alifika kwenye lango. Iliyofuata, wanawake wawili walimkamata njiani. Iliyofuata tena, Acan alimkuta miguu imeshaingia kwenye maji ya mfereji. Msimu wa mvua ulikuwa umeanza, na mfereji ule ukijaa hauulizi mtu umri wake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mchezo ule unaelekea wapi.

Washauri hawakukosekana. Mchungaji alitaka Acan atubu na kuuchoma wimbo. Mganga wa upande wa pili wa barabara alitaka mbuzi mweusi. Mwenye filamu alipiga simu, sauti tamu kama asali, akaomba wimbo uondolewe kimyakimya kabla watu hawajaanza kusema. Acan aliwakatalia wote. Alikuwa na hofu, lakini tangu utotoni hofu yake ilijua mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni hasira.

Akaenda kwa Gradi.

Gradi alikuwa kijana wa Bukavu, mtengeneza midundo, mpole hata akipunjwa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na mfereji, magodoro ukutani kuzuia kelele. Alipomwona Acan mlangoni hakumsalimu. Alijua amefuata nini.

"Ile siku tulirekodi, ulikuwa peke yako ndani," alisema. "Magharibi. Ulirudia 'uko' mara mingi, unakumbuka? Mara moja... mtu akaitika."

"Ukaiacha?"

"Ilikuwa tamu, dada. Mi nikafikiri ni wewe."

Acan akakaa chini sakafuni. Alikumbuka. Taa imezimwa, vipokea sauti masikioni, macho amefumba, anauliza chumba kitupu kama kuna mtu. Saa nzima. Hakuna mtoto wa mama yeyote anayefanya upumbavu huo. Akamuuliza Gradi nani aliishi pale kabla ya studio. Gradi alisikia tu kwamba palikuwa na mpangaji, na mafuriko yalimchukua usiku, na mwenye nyumba alipoulizwa jina lake na polisi, hakulijua. Alizikwa bila jina, au hakuzikwa. Watu walisema hivi na vile.

"Tuufute," Gradi akanong'ona.

"Uko kwenye simu zote za mji huu. Ukifuta, utaondoa muziki. Yeye atabaki." Acan akasimama. "Leo Wangila anaonyesha filamu yetu kibandani kwake. Huyo atakuja kuitika. Na mimi nitakuwepo. Ni wimbo wangu, Gradi. Koo ni langu. Sitamwachia."

Kibanda cha Wangila kilikuwa cha mabati matupu na mabenchi ya mbao. Wangila alikuwa mtafsiri wa filamu. Hukaa kando ya skrini na kipaza sauti, hupunguza sauti za wazungu wa filamuni na kueleza kila kitu kwa maneno yake, akiongeza chumvi anapotaka. Hakuwa mtu wa kumpa mwingine kipaza sauti chake. Lakini alipomwona Docus amefungwa kwa leso kiunoni mwa dada yake, kama mtoto mchanga asiyeaminika, alikitoa bila neno.

Kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Nje jua lilikuwa linamalizikia. Acan akawaambia watu kwamba wimbo ukifika, asiitike mtu. Hata akiitwa kwa jina. Hata akiitwa na sauti ya mama yake. Wakacheka, hiyo ni kawaida yao. Kisha wakamwona Docus, macho yake, ile midomo isiyotulia. Kicheko kikaisha.

Filamu ikaenda. Watoto wa kambini wakaukaribia ukuta. Mdundo ukaingia, mabati yakatetemeka. Muziki ukakatika.

"Uko?"

Kimya.

Watu wale ambao hawajawahi kunyamaza hata msibani, walinyamaza.

Pigo moja. La pili. La tatu. La nne. Muziki ulitakiwa kurudi. Haukurudi. Gradi, aliyekuja kushika mashine ya muziki, alikuwa anatikisa kichwa. Balbu ikafifia. Harufu ya tope ikaingia kwa chini, kupitia nyufa za mabati, ikapanda magotini...

Niko.

Kisha ikaanza kuita.

Kila mtu alisikia lake. Jamaa wa benchi la mbele aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mwanamke mmoja aliuma ukosi wa gauni lake, machozi yanamtiririka. Acan alisikia jina alilopewa na bibi yake, ambalo Kampala nzima hakuna anayelijua. Na leso kiunoni ikakazika. Docus alikuwa anavuta kuelekea mlangoni, kwa nguvu za mtu mzima.

"Niko," alisema Docus. "Niko..."

Acan akaizungusha leso mkononi kumzuia. Akainua kipaza sauti hivyo hivyo.

"Unatuita wote kwa majina," alisema. "Wewe nani?"

Harufu ya tope ikazidi.

"Nilikuita bila kukujua. Kosa langu hilo. Sasa nakuuliza. Wewe nani?"

Wangila ndiye aliyedakia, kwa sauti yake ile iliyozoea kushinda risasi za filamu. "Wewe nani?" Benchi la mbele likafuata. Halafu kibanda chote. Wakapiga mabati kwa ngumi, wakapiga ardhi kwa miguu, wakautengeneza mdundo wenyewe, wakauliza tena na tena, wenye hofu na wenye hasira, wewe nani, wewe nani, mpaka wapita njia wakasimama barabarani.

Kitu kikavuta pumzi. Pumzi ndefu, yenye maji.

Hakikuwa na jina la kujitaja.

Muziki ukarudi kwa kishindo, balbu ikawaka, na leso ikalegea. Docus alikuwa amepiga magoti. Akatazama watu, akatazama leso, akakunja uso.

"Acan," alisema, "mbona umenifunga? Mimi nasikia njaa."

Acan alilia pale pale mbele ya watu, bila aibu, kamasi na machozi pamoja.

Nyumbani Docus alikula sahani mbili za maharage huku akilalamika kwamba chumvi ni kidogo. Maimunah alikaa nao, akamshika shika mtoto kichwa, akamshukuru Mungu, kisha akaenda kwake kulala. Nje vijana walipita wakipayuka, "Wewe nani?" na kucheka. Wimbo ulikuwa umeshabadilika kabla hata sauti za kibandani hazijapoa. Acan akafikiri, nimemshinda. Akalisema hilo kwa sauti.

Mlango ukagongwa.

"Docus. Nifungulie. Ni Acan."

Ilikuwa sauti yake. Hata mkwaruzo wa koo aliotoka nao kibandani ulikuwemo.

Acan alikuwa amemdai jina. Basi jina likatafutwa, na lililopatikana ni la Acan mwenyewe.

Docus akasimamisha mkono juu ya sahani. Akatazama mlango. Akamtazama dada yake, na Acan aliiona shaka ile machoni mwa mtoto, ikamuuma kuliko yote yaliyotangulia. Hakuapa. Hakubembeleza. Alinyoosha mkono tu, ukiwa na masizi ya makaa na jasho. Docus akaushika. Akaubana. Halafu akasimama, kifua mbele, akaongea na mlango kama anayemfukuza mlevi.

"Dada yangu yuko ndani. Wewe tafuta jina lako."

Mlango haukugongwa tena.

Kisha nyayo. Nyayo za maji... zikiondoka... zikipita dirishani... zikisimama kwenye mlango wa jirani.

"Mama Maimunah. Ni Acan. Uko?"

Maimunah alifunzwa kunyamaza anapoitwa na asiyemjua. Lakini sauti hii aliijua. Aliipenda.

"Niko, mwanangu," akaitika, na wakasikia kitasa chake kikizungushwa.

Acan akang'oa komeo, akatoka gizani akichana wimbo wake kwa nguvu zote za koo lililobaki, ili Maimunah asikie kwamba wenye sauti ile wako wawili.