Jina Alilouachia Mto

Jua lilikuwa linazama kijijini Midia, mwaka ule watu waliporudi kutoka ukimbizini Kongo, Driwaru alipojitwika mtungi kwenda mtoni. Maji ya kunywa na kupikia nyumbani yalikuwepo tele. Alichokifuata ni njia ya kumwondoa Sitti, mke mwenzie.

Wivu jamani, acha tu. Mumewe, Abiriga, alimwoa Sitti huko ukimbizini, na tangu hapo anacheka kila Sitti akifungua mdomo. Driwaru alivumilia na mume huyo miaka yote ya njaa, hakuwahi kuchekewa hivyo hata siku moja. Roho ilimuuma mpaka usingizi ukamkimbia.

Mto wenyewe unaitwa Mindra. Huyo Mindra alikuwa mtu. Mke mwenzie alimwita kwa jina pale majini, naye akaitika, mto ukamchukua, ukabaki na jina lake. Ndiyo maana watu wa kule wakifika mtoni hawaitani majina. Wanakohoa tu, au wanapiga makofi.

Driwaru akatua mtungi. Vyura wakanyamaza. Harufu ya matope ikapanda...

"Sitti," akanong'ona.

Akainama zaidi juu ya maji.

"Sitti..."

Ng'ambo, kwenye matete, mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya upole, kama ya jirani aliyebishiwa hodi: "Nani naita?"

Sasa mtu aliyelelewa vizuri, akiulizwa hivyo na mkubwa wake, atafanyaje? Ulimi ukamponyoka.

"Ni mimi, mama. Driwaru."

Maji yakaacha kutembea.

Kisha yakampanda, ya baridi, kutoka nyayoni hadi shingoni. Aliuacha mtungi pale pale, akatimua mbio.

Nyumbani kibatari kilikuwa kinawaka. Abiriga na Sitti walikuwa wanakula sahani moja. Wakainua macho.

"Mama, wewe natafuta mutu gani?" Abiriga akauliza, kwa adabu kabisa.

Driwaru alidhani ni mzaha. Akataka kujitaja. Akalitafuta jina lake kichwani, akalitafuta mdomoni...

Hakuna.

Sitti, maskini, akamsogezea kiti. "Labda iko mgonjwa. Nguo yake yote iko maji. Wacha mimi naenda mtoni, nachotea yeye ya kuoga."

Abiriga akamshika Sitti mkono, na Driwaru aliona jinsi alivyomshika.

"Hapana, mke wangu. Giza nafika. Usiende Driwaru saa hii. Mto ile nachukuaga watu."