Chipu ya Miguu Arobaini

Kitinda alikuwa akinyoosha miguu ya chipu kwa kibano, mmoja baada ya mwingine, ncha ya ulimi ikimtoka pembeni mwa mdomo. Ilikuwa chipu kubwa, kile kidude cheusi kinachoongoza mashine, yenye miguu arobaini ya chuma, aliyoing'oa kwenye mashine mbovu katika karakana ya shangazi yake, fundi wa redio na majokofu.

"Hiyo ndiyo uliyomchagulia Kapteni?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, shangazi. Anapenda vitu vikubwa."

Kapteni alikuwa kiongozi wa klabu ya sayansi shuleni. Muhula uliopita, kengele aliyoitengeneza Kitinda ilipofuka moshi mbele ya darasa, Kapteni ndiye aliyepaza sauti, "Fundi Moshi!" Jina likaganda. Hata watoto wa darasa la kwanza walimwita hivyo langoni. Tangu siku hiyo Kitinda aliingoja nafasi ya kulipiza, na sasa ilikuwa imefika. Klabu ilikuwa ikitengeneza mtambo wa kulinda joto katika kizimba cha vifaranga: vihisi joto vinne pembeni, taa ya kupasha joto, na chipu moja ya kuviongoza vyote, ambayo Kitinda ndiye aliyeombwa kuitafuta. Keshokutwa vifaranga wangeletwa, na Kapteni angeuwasha mtambo mbele ya wazazi.

Mezani palikuwa na chipu tatu. Ndogo ya miguu minane ilijua kupima, lakini miguu yake isingetosha. Ya miguu ishirini na minane ilitosha, na sita kati ya hiyo iliweza kusoma joto likipanda kidogo kidogo. Ile kubwa haikuwa na hata mguu mmoja wa kupima. Miguu yake yote ilijua mambo mawili tu, umeme upo au haupo. Kitinda alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliichagua.

"Hodi! Fundi Moshi yupo?" Kapteni aliingia akicheka. Alipoiona chipu, macho yalimtoka. "Miguu arobaini! Leo umenifaa. Wazazi watashika vichwa."

"Watashika kweli," Kitinda alijibu kwa upole, moyo ukimdunda kwa raha.

"Ngoja kwanza, baba," shangazi alimwambia Kapteni. "Hapa kwangu hakitoki kitu bila kujaribiwa. Hata waya."

Alikiunganisha kihisi kimoja na chipu, akakiweka chini ya taa ya joto. Joto likapanda, likazidi, lakini kijitaa cha kijani cha kuonyesha kwamba mambo ni shwari kiliendelea kuwaka. Shangazi akaingiza mkono chini ya taa. Mara akautoa, akaupuliza.

"Mimi nimeuondoa mkono," alisema. "Kifaranga aliyefungiwa kizimbani ataenda wapi?"

Raha ilimtoka Kitinda. Mara nyingi alikuwa amemwona Kapteni akilini mwake, amesimama mbele ya watu, ameaibika. Katika picha ile hapakuwa na kifaranga hata mmoja.

"Ulijua?" Kapteni aliuliza.

"Nilijua. Nilitaka uchekwe, kama ulivyonifanya mimi nichekwe."

"Kumbe una roho mbaya hivyo!"

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa natania tu."

"Muhula mzima unatania?"

Shangazi alivuta kigoda, akaketi kati yao.

"Hasira yako ina sababu, mwanangu, na huyu anapaswa kukuomba radhi. Lakini chipu huchaguliwa kwa kuangalia kazi inayoisubiri, si kwa kumwangalia mtu unayemchukia. Ukilipiza kisasi kwa kazi ya mikono yako, anayeungua ni yule asiyehusika."

"Samahani," Kapteni alisema, akitazama sakafu.

Kitinda hakusema kwamba yamekwisha, kwa maana hayakuwa yamekwisha. Aliivuta chipu ya miguu ishirini na minane. "Shika tochi," alisema, "nione ninapolehemu."

Jioni ilipoingia, vihisi vitatu vilikuwa vikisoma joto barabara. Shangazi alianza kufunga madirisha.

"Cha nne utakilehemu wewe kesho," Kitinda alimwambia Kapteni.

"Mimi? Sijawahi kulehemu."

"Nitakuelekeza." Alikifunika kihisi kwa kitambaa. "Ila kikifuka moshi, jina lako unalijua."