Kupe wa Swala

"Kupe wametoka. Warudishe."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Msumari, jasusi asiyejua kuchelewa, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikikimbilia kiwanja cha ndege. Dereva wake, jambazi mmoja katili, alivaa koti la daktari alilolivua kwenye maiti ya mtaalamu wa maabara. Kando yake alikaa mateka wake, daktari wa kweli, dada mkubwa wa Msumari, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapima wanyamapori virusi. Alipakata kisanduku cha kupe hai kutoka kwa swala. Virusi vyao humtoa mtu damu puani hadi afe, na ng'ambo wapo waliotaka kuvigeuza silaha.

Risasi!

Kioo kikammwagikia Msumari usoni. Akajibu kwa Glock, mara mbili. Tairi likapasuka, gari likabingirika na kugota kwenye ukuta wa ghala.

Jambazi akatoka viganja vikichuruzika damu. Mkono mmoja ulimkaba dada, mwingine ulishika bastola.

"Tupa silaha!"

Msumari akatupa. Dada huyo ndiye aliyemlea, na kwa mara ya kwanza kazini Msumari aliogopa kweli.

"Tulia, mdogo wangu," dada alisema.

Kisanduku kilikuwa kimepasuka, na kupe hufuata pumzi. Dada alikuwa na glavu, suruali kaichomeka ndani ya soksi, mikono ya ovaroli kaifunga kwa selotepu. Jambazi alikuwa wazi kila mahali.

Kitu kikamtambaa shingoni. Akamwachia dada, akakibandua, akakiponda kwa kucha. Mtu anayefanya kazi na kupe hathubutu kufanya hivyo, hata akiwa usingizini.

Kiwiko cha dada kikamzamia mbavuni. Msumari akaruka. Goti, pua. Mkono wa bastola ukavunjika, mfupa ukatokeza. Akamkandamiza chini, akainua ngumi tena.

"Basi! Usimguse!" dada alifoka. "Kaponda kupe, na kiganja kina kidonda."

Jambazi akatazama kiganja chake.

"Dawa ipo?"

"Dawa hakuna. Utafungiwa wodi ya peke yako. Nitakuuguza mwenyewe."

"Nimalize, kaka," jambazi akamlilia Msumari. "Risasi moja tu."

Dada alimkagua Msumari shingo, kwapa na nyuma ya masikio. Hakukuwa na kupe.

Msumari akaokota Glock, akaipangusa vumbi, akaisokomeza kiunoni.

"Mwombe daktari," alisema, akaenda zake.