Kitanda cha Karibu na Mlango

Sikwenda pale kutafuta ugomvi. Jua lilikuwa linazama, mgongo ulikuwa unaniuma kwa kushinda kwenye cherehani, na nilichotaka ni kumkabidhi shemeji mifuko yake ya kulalia nirudi zangu nyumbani. Mimi ni fundi wa kushona. Alikuwa ameniletea mifuko mitatu nibadilishe zipu, na mmoja ulikuwa wa dada yangu.

Dada yangu marehemu. Mume wake, ndiye huyo shemeji, aliutoa kwenye gari bila haya, akasema, "Huu utamfaa mwenzangu." Mwenzake ni muuguzi, binti mpole, wa kuoana naye mwezi ujao. Siku ile nusura nimrushie pasi ya moto.

Ngoja niwaeleze kilichompata dada. Mwaka jana walipanda mlimani watatu, yeye, shemeji na rafiki yake shemeji, dereva wa lori tunayemwita Ndevu. Walilala kwenye kibanda cha mbao kilichoko juu, ukishaumaliza msitu. Huko kuna utaratibu. Giza likiingia, kiongozi wa safari anahesabu watu wake, anashusha komeo kwa ndani, na mlango haufunguliwi mpaka kuche. Baridi ya kule inaua, na wanyama wapo.

Aliyehesabu ni shemeji.

Asubuhi dada alikutwa nje ameketi, mgongo umeegemea mlango. Shemeji alilia msibani mpaka watu wakamshika. Alisema mfuko wa kulalia wa dada ulikuwa kitandani umetuna kwa nguo, naye akadhani mtu yumo, kumbe ametoka kujisaidia. Alikosea hesabu, basi. Watu wakamwonea huruma, wengine wakampelekea chakula. Mimi moyo uligoma.

Sasa alitaka kurudi. Kibanda kile kile.

Niliwakuta sebuleni wanapanga safari, taa imewashwa, mapazia bado wazi. Muuguzi akanikaribisha, akanimiminia chai. "Kaa kidogo, dada. Hawa wanabishana kama watoto." Nikakaa. Ndevu alikuwa anadai yeye hapiki, shemeji anamwambia basi atakula moto.

Kisha shemeji akavikusanya vikombe vyetu vinne katikati ya meza. Hivyo ndivyo vitanda.

"Hiki changu, karibu na jiko. Hiki cha mwenzangu. Ndevu, wewe huku juu, maana unakoroma."

"Anayekoroma ni wewe huko chini," Ndevu akajibu, na wote wakacheka. "Ila safari hii tuuzibe ule mlango vizuri. Mara ya mwisho sikulala. Upepo ulikuwa unabisha kama mtu! Si nilikuamsha, ukaniambia ni upepo?"

Kicheko kikakatika.

Shemeji alimtazama rafiki yake kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. "Ulikuwa umelewa," alisema taratibu.

"Sikunywa, bwana. Nilikuwa natumia dawa."

Mwaka mzima nilikuwa na shaka. Sasa nilijua. Dada yangu alibisha, na yule mwanamume akamsikiliza, akamwambia mwenzake ni upepo, akajifunika.

Shemeji akakohoa, akashika kikombe cha nne. Changu. Akakisogeza ukingoni mwa meza. "Hiki ni cha karibu na mlango. Hakina mtu."

Ndipo harufu ikaingia. Moshi wa kuni mbichi... na udongo wenye maji. Jikoni kwake hakuna kuni. Anapikia gesi.

"Mimi nitalala hapo."

Sauti ya kike. Ya chini, ya mtu aliyekauka koo.

Muuguzi akanigeukia akitabasamu. "Kumbe na wewe unakuja, dada?"

"Sijasema kitu," nikamwambia.

Tabasamu likamtoka. Ndevu alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua meza kwa ukucha. Shemeji alicheka peke yake, kicheko kirefu kuliko kilivyostahili. Nikanyoosha mkono nikichukue kikombe changu, maana nilitaka kushika chochote. Chai ile ilikuwa imemiminwa punde tu.

Ilikuwa imeganda barafu juu.

Nilikinyanyua kikombe, nikaenda nacho jikoni. Muuguzi akanifuata, akaurudisha mlango nyuma yake. Akakiangalia kile kikombe, akakigusa, akakiondoa kidole haraka.

"Dada, niambie kweli," alinong'ona. "Marehemu alikufaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango wa uani ukagongwa. Polepole. Kwa vifundo vya vidole.

Ngo... ngo... ngo.

Harufu ya moshi ikajaa jikoni. Nje bado kulikuwa na mwanga, na chini ya mlango pana uwazi wa kutosha kuona miguu ya mtu. Hapakuwa na miguu.

"Nilibisha," sauti ikasema upande wa pili wa mbao. "Akaja mpaka mlangoni. Nikamsikia anapumua."

Ilikuwa sauti ya dada yangu. Ningeijua hata kwenye kelele za soko. Nilitaka kumkimbilia na nilitaka kukimbia, vyote kwa pamoja, na machozi yalikuwa yananitiririka.

"Alikwambia nini, dada?" nikauliza.

Mbao za mlango zikalia. Kisha...

"Akaniambia nisipige kelele. Nitawaamsha watu."

Muuguzi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nilimshika bega. Nilichokuwa nataka kilikuwa wazi kabisa kichwani, kama nguo uliyokwisha kuikata vipande: yule mwanamume apande mlima, na binti huyu abaki. "Usiende," nilimwambia. "Wewe huna kosa. Tafuta sababu yoyote, lakini usiende."

"Na yeye? Tumwambie?"

"Tumwambie nini?"

Sebuleni shemeji alikuwa anamtania Ndevu kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayetaka kusahau. Muuguzi alisikiliza muda mrefu. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaufungua mlango, akatoka akiwa ametulia kabisa.

"Mpenzi, nimekumbuka," alisema. "Mwisho wa wiki nina zamu. Nendeni tu nyie."

Ule mfuko wa dada niliondoka nao. Hakuna aliyeniuliza.

Yaliyotokea huko juu nayajua kwa Ndevu, na Ndevu siku hizi hamalizi sentensi. Anasema shemeji alihesabu watu wawili, akashusha komeo. Giza halijashika sawasawa, mlango ukagongwa. Shemeji akainuka mwenyewe. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeitwa jina lake. Akanyanyua komeo, akatoka, mlango ukajifunga na komeo likashuka lenyewe.

Halafu akaanza kubisha yeye.

Ndevu anaapa alilivuta lile komeo mpaka viganja vikachubuka, na halikutikisika. Kule nje rafiki yake analia, anamwita, anaomba. Na ndani, kwenye kitanda cha karibu na mlango, kitanda kisicho na mtu, kulikuwa na mtu anajigeuza ili alale vizuri. Kulipokucha, komeo lilinyanyuka kwa kidole kimoja.

Wakasema ni ajali. Baridi.

Sitawadanganya, nilifurahi. Msibani nilikula nikashiba. Muuguzi alikuja kukaa karibu nami, tukashikana mikono. Nilidhani mambo yameishia pale.

Siku tatu baada ya mazishi, nilikuwa nakunja vitambaa vyangu magharibi. Nikasikia mlango unagongwa.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya mume wa dada, inatetemeka, meno yanagongana. "Shemeji, nifungulie. Nihurumie. Huku nje ni baridi."

Nje kulikuwa na joto la kuchosha. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira vifua wazi.

Sijui kwa nini niliinuka. Yule si mtu wa kuhurumiwa, lakini alikuwa analia kweli, analia kama mtoto mdogo, na mimi nina roho. Nikaushika ufunguo. Nikaanza kuuzungusha...

Kitanda changu, nilichokitandika ule mfuko wa dada, kikalia nyuma yangu. Moshi wa kuni mbichi.

"Mdogo wangu," dada akasema, karibu sana, pumzi yake baridi shingoni. "Mimi hapa kwako nimepata joto. Ukimfungulia yeye, itabidi mimi nitoke."

Nikauachia ufunguo.

Kila magharibi anakuja. Sasa hivi ninapowasimulia yupo hapo nje, anabisha, na mimi nimeongeza sauti ya redio.