Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Hata leo nikianza kuisimulia, uso unaniwaka. Lakini acha niseme tu, maana uongo ulikuwa wangu.

Ilikuwa jioni ya Julai, na jua la kwetu, huku kaskazini kabisa ya dunia, mwezi huo halizami. Mke wangu, Risten, alinipigia simu kutoka kwenye zizi letu la kulungu wa theluji, ng'ambo ya ziwa.

"Issát, kamba za kukamatia ndama ziko wapi? Watu wote wamefika, umebaki wewe na hiyo pikipiki yako yenye kifua kikuu!"

"Ikigoma mfunge kulungu aivute!" shemeji yangu Biret alidakia huko nyuma. Wakacheka.

Mimi sikucheka. Pikipiki yangu ya magurudumu manne ilikuwa inakohoa tangu ipinduke wiki mbili nyuma. Na mimi ndiye niliyeipindua. Nilishuka mteremko mbio, najionyesha, huku mjomba wangu Ánde, mzee wa miaka sabini na minane, amekaa nyuma amenishika kiuno. Akavunjika nyonga, akagonga kichwa. Watu walipofika nikasema kwa macho makavu, "Mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha."

Naye maskini hakukumbuka kitu. Akiwa kwenye machela alinishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia pikipiki."

Nikamsamehe! Mnasikia? Nikamsamehe.

Sasa Áilu, mkubwa wetu katika kuchunga kulungu, alikuwa amesema kesho, ndama wakishatiwa alama masikioni, tutakata shauri: mzee, kwa kuwa si wa kuaminiwa tena na pikipiki, akitoka hospitali apelekwe nyumba ya wazee mjini, asirudi tena nyikani. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo na kulungu! Ni kumzika mzima. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Basi nikaiinamia injini. Nikafungua kasha la hewa. Oili ilikuwa imejaa humo, chujio limelowa kama jibini tunayotia kwenye kahawa. Nikalifua kwa petroli, nikalikamua. Plagi nayo nyeusi tii. Nikaitoa, nikapiga kiki mara kadhaa, oili iliyobaki ndani ikaruka hadi kwenye shati langu. Nikafunga plagi mpya. Chini ya kiti nikakuta mpira wa kupumulia wa tangi umebanwa, nikaunyoosha. Kazi safi. Nikapanda, nikawasha.

Moshi wa buluu ukatoka kidogo, ukakatika.

Kisha nikausikia mlio.

Tuk-tuk... tuk. Tuk-tuk... tuk-tuk-tuk... tuk.

Kwetu kila mtu ana wimbo wake, aliopewa na watu wake, na wimbo wenyewe mara nyingi hauna maneno. Wazee husema ukiuimba, si kwamba unamsifu mtu, bali unamwita. Na injini ile ilikuwa inaimba wimbo wa mjomba Ánde.

Nikapunguza moto. Ikaimba taratibu. Nikaongeza. Ikaimba upesi. Nikazima kwa ufunguo.

Ikaendelea kuimba.

Springi za nyuma zikalia... kiiii... kiti kikashuka. Nikanusa tumbaku ya kiko. Na sabuni ya hospitali.

Mikono miwili ikanishika kiuno.

"Twende," sauti ikanong'ona sikioni. "Polepole leo."

Mungu wangu! Nilitaka kuruka chini, ile mikono ikanizuia. Kugeuka nako sikuthubutu. Nilichoogopa zaidi ni kumwona uso, maana ningemwambia nini? Nikaendesha. Kilomita tisa za kinamasi na mawe, pikipiki haikukohoa hata mara moja, na kila kwenye mteremko ile mikono ilinibana zaidi.

Zizini mbwa walifyata mikia, wakakimbilia hemani. Injini ikajizima yenyewe. Risten akaja kupokea kamba, akasimama.

"Umempakia nani?"

"Sijampakia mtu."

"Mbona kiti cha nyuma kimebonyea hivyo?"

Simu yake ikalia. Jina la mjomba. Akaweka spika ili watu wote waliokuwa wakiota moto wamsalimie mgonjwa.

"Issát amefika?" sauti ya mjomba ikauliza.

"Amefika, mjomba."

"Mwambieni leo ameendesha vizuri. Siku ile alikwenda mbio mno. Nilimwambia punguza... hakusikia."

Simu ikakatika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Áilu akaweka kikombe chake chini.

"Issát. Siku ile, nani alikuwa mbele?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyempindua mzee, halafu nikamsingizia."

Nyuma yangu springi zikalia, kiti kikapanda.

Shauri la kumpeleka mzee mjini halikutajwa tena. Risten hakunitukana. Alizichukua tu zile kamba mikononi mwangu, akaenda zake, na Biret, mwenye mdomo kuliko wote, akatazama pembeni.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali, mjini Hammerfest. Muuguzi akaniambia mzee alikuwa amelala fofofo jioni ile yote, na simu yake iko kwenye droo, chaji imekwisha zaidi ya wiki sasa. Ila kitu kimoja kilimuudhi muuguzi huyo.

"Nani alimletea tope? Asubuhi yake tulimkuta miguu yote imejaa tope la kinamasi, mpaka kwenye shuka."

Nikaketi kando ya kitanda. Nikamwambia mjomba kila kitu, tangu mteremko hadi zizini. Alinisikiliza hadi mwisho, machozi yakamlengalenga, akanipapasa mkono.

"Acha, mwanangu," akasema. "Usijitwike kosa langu. Nilikuwa naendesha mimi, kila mtu anajua. Wewe una moyo mwema kupita kiasi."

Nimeshamwambia mara nne. Haamini.